Hatuna Theluji, Lakini Mlima Tunao

Najua kijiwe hiki kilipoa kwa wiki tatu, lakini sababu mnazijua: majaribio yamefuatana kama magari ya msafara, na bumu limekata kabla mwezi haujafika katikati. Huku Lushoto ni Julai, ukungu unaingia mpaka bwenini bila kupiga hodi, na maji ya kuoga yanauma mpaka kwenye mifupa. Wa nyumbani nawaambia onga mshi. Wengine wote vuteni viti. Leo sina stori za kuchekesha, leo nimekuja kugomba.

Juzi usiku chumbani kwetu kulikuwa na simu moja yenye bando na watu saba wameizunguka. Video ilikuwa ya mashindano ya skii, wale jamaa wanaoteremka mlima wa theluji juu ya vibao viwili vyembamba. Chini ya picha namba zinakimbia: kasi, umbali, urefu wa mruko. Mmoja akauliza hizo namba zinatoka wapi, nikamweleza kwamba mchezaji amevaa kihisi mwendo, kidude kidogo kama kiberiti. Basi hapo ndipo maneno yalipoanza. Mmoja: "Achana na mambo ya wazungu, sisi theluji tunaiona kwenye kalenda yenye picha ya Kilimanjaro." Mwingine akamalizia kwa sauti ya mtu mwenye shahada tatu: "Mwafrika hapimwi bwana, Mwafrika ana kipaji." Chumba kizima kikapiga makofi. Kelele zilinizidi usiku ule, kwa hiyo najibu kwa maandishi, na kwenye maandishi hakuna wa kunikatiza.

Nasema hivi: hayo maneno ya "ana kipaji" ndiyo yanayotutia umaskini. Anayepimwa anaendelezwa. Asiyepimwa anasifiwa, halafu anasahaulika.

Kwanza tuelewane hicho kidude ni nini, maana watu wanabishia kitu wasichokijua. Ndani yake mna vitu viwili vikubwa. Kuna akselerometa, inayohisi jinsi mwili unavyoongeza au kupunguza mwendo, iwe mbele, pembeni au juu na chini. Kuna jairoskopu, inayohisi jinsi mwili unavyozunguka na kuinama. Vyote viwili vinaandika mara nyingi sana, hata mamia ya mara kwa sekunde moja. Ukiongeza GPS ya kuonyesha mahali, unapata habari nzima ya safari ya mwili: ulikazana wapi, ulilegea wapi, mguu upi unabeba zaidi, ulianza kuchoka kwenye kona ipi. Wengine kidude hiki wanakiita sensa. Sawa, basi sensa ya watu tulifanya mwaka 2022, tukajikuta tuko 61,741,120. Sensa ya mwendo bado.

Wenzetu wa theluji wamekitumiaje? Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 kule Pyeongchang, Korea Kusini, kampuni ya saa ya Omega iliwavalisha wachezaji vihisi mwendo, na mtazamaji akaona sio tu nani kashinda bali kashindia wapi. Kwenye mbio za skii za masafa ndiko mambo yanakonoga zaidi. Kule mchezaji anabadilisha mtindo wa kusukuma kama dereva wa Fuso anavyobadilisha gia: tambarare gia hii, mwinuko gia ile. Kihisi kimoja tu kifuani au mgongoni kinatosha kutambua yuko gia gani na amesukuma mara ngapi. Na sasa sikilizeni hili vizuri: kwenye mbio hizo zaidi ya nusu ya muda wote mchezaji anautumia akiwa anapanda, na mara nyingi mshindi anapatikana huko huko kwenye kupanda. Mmenipata? Watu wa theluji wamenunua vipimo, wamejenga maabara, wameandika vitabu, na sehemu kubwa ya wanachotafuta ni namna binadamu anavyopanda mlima. Mlima! Kitu ambacho shangazi yangu anakifanya kila siku ya soko, na karoti kichwani.

Kabla sijafika kwa shangazi, niwamalize kwanza watu wa kipaji. Mnamkumbuka Philip Boit? Mkenya, mkimbiaji wa mita 800, ukoo wa wakimbiaji. Kampuni ya Nike ilimfadhili ajifunze skii, akapelekwa Finland mwaka 1996 akiwa hajawahi kuiona theluji kwa macho. Mwaka 1998 akaingia Olimpiki ya Nagano, Japani, mbio za kilomita 10. Alishika mkia, dakika 20 hivi nyuma ya bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri mstarini akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Hadithi tamu, na mimi namheshimu sana Boit, maana alirudi tena Olimpiki za 2002 na 2006. Lakini mapafu alikuwa nayo, moyo alikuwa nao, miguu alikuwa nayo. Kilichomwacha nyuma ni ufundi, zile gia nilizozisema, ambazo Dæhlie alizijua tangu utotoni. Kipaji cha asili kilikuwa wapi siku ile? Na watafiti wamesaka kwa miaka jeni ya mbio kwa Wakenya na Waethiopia, jeni moja inayoeleza ushindi hawajaipata. Ukimwambia mwanariadha "umezaliwa nayo", umemfutia mazoezi yake yote kwa sentensi moja. Hiyo sio sifa, huo ni wizi.

Sasa turudi kwetu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 32 hivi za kona, unaanzia mita 400 na ushee juu ya usawa wa bahari unafika karibu mita 1,400. Ukiendelea kupanda kuelekea Magamba unapita mita 2,000. Vijiji vimeshikilia miteremko kama kupe. Hakuna mtoto huku ambaye shule yake iko tambarare. Hakuna mama ambaye shamba, kisima na soko viko usawa mmoja. Kama kupanda mlima ni somo, huku ndiko kilipo chuo kikuu chake. Ila chuo hicho hakina matokeo, kwa sababu hakuna anayesahihisha mtihani.

Na hasara ya kukosa kipimo mkulima wa Lushoto hahitaji profesa kumweleza. Anaijua kwa jina: lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, linashonewa kofia juu, kofia nayo inajazwa, halafu dalali analipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo wanakemea kila msimu, lakini pasipo na mizani macho ya mnunuzi ndiyo mizani. Basi wadau, miili yetu nayo inauzwa kwa lumbesa. Kazi inayofanyika ni kubwa kuliko inayohesabiwa, na ile ya ziada inaitwa mazoea, uvumilivu, au kipaji.

Mnadhani natia chumvi? Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kenya wanaobeba mizigo, Waluo kichwani na Wakikuyu kwa kamba kwenye paji la uso. Walitembezwa na mizigo huku pumzi zao zikipimwa. Ikaonekana kwamba wanawake wale waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Mwaka 1995 likaja jibu la kwa nini: wanatembea kama pendulamu ya saa ya ukutani, wakipanda na kushuka kwa namna inayookoa nguvu kila hatua. Huo ni ufundi, jamani! Ni gia za skii zile zile, ila bila theluji na bila medali. Na kwa wale wa "mambo ya wazungu", mmoja wa waandishi wa utafiti ule wa 1986 ni Geoffrey Maloiy, Mkenya wa Nairobi. Jirani alipima kabla wengi wetu humu hatujazaliwa.

Halafu mwaka 2010 wakatokea watafiti wengine wakawapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini. Hawa jibu lao lilikuwa tofauti: kwa ujumla kubeba kichwani hakukuwa nafuu kuliko kubeba mgongoni, na watu walitofautiana sana. Mmoja mwepesi, mwingine anateseka. Maana yake nini? Maana yake ile picha ya kwenye kadi za posta, mama wa Kiafrika anayebeba dunia kichwani huku anatabasamu, haimhusu kila mama. Kuna wanaoumia shingo na magoti kimyakimya. Nani kati ya mama zetu yuko kundi lipi? Hatujui, kwa sababu hatujawapima.

Mimi nilijaribu, kwa kiwango cha mwanafunzi asiye na hela. Niliazima saa janja ya mshikaji mmoja, nikamwomba shangazi aivae siku ya soko. Akaniuliza, "Mwanangu, hii itapunguza mzigo?" Nikamwambia hapana shangazi, itauhesabu. Akacheka, akaweka ngata kichwani, akapandisha tenga, tukaondoka. Mimi nyuma nahesabu hatua kwa mdomo kama mwendawazimu, watu wananipisha njia. Tulipofika nikalinganisha. Saa haikufika hata nusu ya hatua zangu. Mnajua kwa nini? Saa za mkononi zinategemea sana mkono unavyopunga. Mkono wa shangazi ulikuwa juu umeshika tenga, haupungi. Kwa hiyo kwa mujibu wa saa ile, mwanamke aliyepanda na kushuka mlima na mzigo alikuwa karibu amesimama. Angekuwa mtu wa ofisini anayetembea mikono mitupu kwenda kununua chapati, saa ingempigia makofi.

Hapo ndipo ninapotofautiana pia na kundi la pili, wale ndugu zetu wanaoabudu saa. Wapo hapa chuoni, mtu hakimbii mpaka GPS ikamate, na kama haikuandika anaona bora angelala. Kaka, dada, hiyo saa imejaribiwa kwa mwili wa nani? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60. Kwa mapigo ya moyo vingi vilifanya vizuri. Kwa nguvu inayotumika, kilicho bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibovu kabisa asilimia 93. Na kwenye mapigo ya moyo, makosa yaliongezeka kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi. Kwa hiyo anayesema tusipime amekosea, na anayesema tununue tu kipimo cha mtu mwingine tukiamini amekosea pia. Dawa ni kupima wenyewe, kwa mlima wetu, na kusahihisha kipimo kinapodanganya.

Nawasikia: hela iko wapi? Serikali madawati yenyewe haijamaliza. Wadau, hela mmeikalia. Kila simujanja iliyomo humu bwenini ina akselerometa ndani yake, na nyingi zina jairoskopu. Ndiyo inayoigeuza picha ukilaza simu. Kuna programu ya bure inaitwa phyphox, imetengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inasoma hivyo vihisi na kukupa namba zote uziweke kwenye kompyuta. Funga simu kiunoni kwa kanga, ibane isicheze, mwambie mtu apande. Kila hatua inaonekana kama jino la msumeno. Unaweza kuhesabu hatua hata kama mkono umeshika tenga. Unaweza kuona mguu wa kushoto unavyokwepa kazi. Unaweza kuona mahali hatua zinapoanza kufupika, yaani uchovu unapoanzia. Hapo bado hatujanunua kitu hata cha shilingi mia.

Na faida? Nitawaambia ya kwangu. Nilisoma sekondari moja huku milimani, jina nalihifadhi. Kulikuwa na binti mmoja ambaye tukipandishwa mlima kwa mazoezi alikuwa anatuacha wote, wavulana kwa wasichana, anatusubiri juu ameshakausha jasho. Kipima muda shuleni hakikuwepo. Aliyeshinda alijulikana kwa macho, na macho yakishaondoka ushahidi umeondoka. Alipomaliza kidato cha nne hakuwa na karatasi hata moja yenye muda wake, ya kumwonyesha kocha, au chuo, au jeshi. Siku hizi anauza mboga stendi. Tukikutana ananiita msomi, mimi naona aibu. Kipaji alikuwa nacho, kila mtu alisema hivyo. Kusema hakugharimu kitu.

Linganisheni na jambo tulilolishuhudia Tokyo, Septemba 2025. Alphonce Simbu, kijana wa Singida, na Mjerumani Amanal Petros walifika mwisho wa marathoni ya dunia pamoja, wote 2:09:48. Kilomita 42.195, na tofauti ni sekunde 0.03. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Jicho la binadamu lisingeamua vile kwa uhakika, kamera ndiyo iliyoamua. Kama Tokyo wangekuwa wanapima kwa macho kama shuleni kwetu, tungekuwa tunabishana mpaka leo, na mnajua kwenye ubishi huwa anapewa nani. Kipimo ndicho kilichomtetea Mtanzania. Na kabla ya Simbu kulikuwa na Filbert Bayi, aliyekimbia mita 1,500 kwa 3:32.16 kule Christchurch mwaka 1974 na kuvunja rekodi ya dunia. Tunaikumbuka kwa sababu iliandikwa. Ni wangapi wa Mlalo, Mtae, Bumbuli na Soni walikuwa na mbio zao na hazikuandikwa?

Iko hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu, na sitaikwepa. Rafiki yangu mmoja wa sheria aliniambia: ukimfunga mtu kihisi, kesho mwajiri atakitaka. Mchuma chai leo anapimwa kilo, kesho atapimwa na pumzi, na akisimama kujifuta jasho kidude kitamsema. Hiyo ni kweli kabisa. Kipimo mikononi mwa mnyapara ni kiboko kipya. Ndiyo maana nasema mwenye mwili awe mwenye namba. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, tuisome. Shangazi akubali kwanza, aelezwe kwa Kisambaa kama Kiswahili hakitoshi, aonyeshwe matokeo yake kabla ya mtu mwingine yeyote, na akisema futa, tunafuta. Lakini kuogopa kiboko kusitufanye tutupe na mizani. Anayekimbia mizani kwa kuogopa dalali, dalali ndiye anayefurahi.

Wala hatuanzi sifuri. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walipimwa, na utafiti uliotoka 2012 ulionyesha kwamba pamoja na kutembea kwao kote, nguvu wanayotumia kwa siku, ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, haizidi ya watu wa Marekani na Ulaya. Ugunduzi uliowashangaza wengi. Kwenye majina ya waandishi yumo Profesa Audax Mabulla, Mtanzania. Mtu wetu yumo, sawa. Mmoja. Ninachotaka ni siku ambayo swali lenyewe limeulizwa na mtu wa huku, kwa sababu linamuuma mtu wa huku. Mtafiti wa mbali atakuja kutafuta siri ya afya njema ya watu wake. Nani atauliza njia ya kwenda sokoni ichongwe wapi ili magoti ya mama zetu yadumu? Nani atauliza tenga la kilo ngapi linatosha? Hayo maswali hayana mfadhili, yana sisi tu.

Kwa hiyo nawaomba, sio kesho kutwa, Jumamosi hii. Wa elimu leteni wanafunzi wenu wa mazoezi ya kufundisha, wa hesabu leteni kompyuta, wa sheria leteni fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha mtu na sio cha mahakama. Tunaanzia njia ya Irente, simu kumi, kanga kumi, daftari moja. Kila mtoto atakayepanda ataondoka na karatasi yenye jina lake, muda wake na tarehe. Karatasi ile haitamfanya bingwa. Itamfanya awepo.

Naomba kutoa hoja. Wa kipaji na wa saa wote mnakaribishwa kunijibu, ila njooni na namba. Tuko pamoja, na mwenye kanga ya ziada asisahau kuja nayo.